Jaketi la manyoya likizidi joto, toa mikono kwanza

Ndugu, umesema ulipata jaketi la manyoya ya bata pale soko la Kibuye ulipoenda nyumbani Kisumu, ila huku Nakuru ikifika saa nne asubuhi unalowa jasho. Unauliza kama fundi anaweza kupunguza manyoya ili ulivae kila siku chini ya koti la mvua. Anaweza, lakini nakusihi usianzie hapo. Mimi nilianzia hapo nikaliharibu jaketi zuri.

Nilifumua bitana, nikachota manyoya kwa kukadiria kwenye kila chumba, yaani vile vifuko vilivyoshonwa kushikilia manyoya. Yaliyobaki yakateremka chini ya vyumba, mabegani pakabaki kitambaa kitupu. Naendesha boda, na alfajiri moja nikielekea Molo baridi ilinipenya mabegani hadi nikasimama kando ya barabara. Kinachotia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya manyoya. Yakishuka na kulala, hewa hiyo haipo tena.

Jaketi la pili nililitoa mikono likawa kizibao, na ndilo navaa hadi leo juu ya shati. Kifua na mgongo vina joto, makwapa yanapata hewa, na koti la mvua linapita juu bila kukwama. Koti hilo liwe pana, maana likiyabana manyoya utasikia baridi kama hujavaa kitu.

Kazi yenyewe iko kwenye ukataji, na hapa usimwachie fundi aamue peke yake. Mshono unaounganisha mkono na bega usifumuliwe. Apige mshono mmoja kwenye mkono, karibu kabisa na ule wa bega, kisha mwingine sentimita mbili mbele yake, huku akisukuma manyoya kwa vidole yasikae kwenye njia ya sindano. Ndipo akate katikati ya hiyo miwili. Hivyo kizibao kimefungwa, na mkono unaotoka nao umefungwa. Fundi wangu wa kwanza alitanguliza mkasi. Manyoya yalitapakaa kibanda kizima, yakanasa kwenye nguo za wateja wengine, na niliona uchungu kwa ajili yao kuliko kwa ajili ya jaketi langu.

Sindano iwe mpya na nyembamba, namba 9 au 11. Sindano nene huacha tundu kwenye nailoni, na manyoya huchungulia hapo kila siku. Ukingo ukunjwe kwa ndani, ufunikwe kwa utepe mwembamba. Lastiki mimi siipendi kwenye bega, inakata kwapa ukiinua mkono.

Mikono iliyotoka usiitupe, ina manyoya ya akiba na kitambaa cha viraka cha rangi ileile.

Kivae hivyo wiki mbili. Kama bado kinakuchoma, punguza manyoya ya mgongoni tu, kidogo kidogo, chumba kimoja kimoja. Kifuani usiguse. Ukipata nafasi weka picha ya bega kwa ndani kabla hujaenda kwa fundi, nikuonyeshe mshono wa kwanza upite wapi.