Pikapu imekula kilometa laki nne: uuze au ukomae nayo?

Wiki hii meseji zenu za kuniuliza magari karibu zote ni za pikapu, sijui ada za shule zimewabana au vipi. Twende moja moja.

Hilux yangu ina kilometa 387,000. Niuze au nibaki nayo?

Injini gani? Ya mwaka gani? Inabeba nini? Mnanitumia namba moja alafu mnataka nipige ramli. Kila wiki nasema kilometa sio ugonjwa, kila wiki narudishiwa swali lile lile. Lingine.

Nina Hilux ya 1999 yenye injini ya 5L, kilometa 460,000, nabeba mbao Mafinga. Mlimani haina nguvu, fundi kasema ovaholi milioni 3.8. Mwaka jana matengenezo yamenila milioni 2.9. Nimeona Vigo, Hilux ya toleo la baadaye, ya milioni 38, benki marejesho ni 1,350,000 kwa miezi 36. Nishauri kaka.

Dada yangu, wewe umeuliza swali, umekuja na hesabu. Basi tupige. 3.8 jumlisha 2.9 ni milioni 6.7, gawa kwa 12 ni kama laki tano na nusu kwa mwezi, na hapo nimefanya kama vile utapiga ovaholi kila mwaka, kitu ambacho kama fundi ni fundi hakitokei. Benki wanataka milioni 16.2 kwa mwaka, bado bima kubwa watakayokudai, na Vigo nayo inakula tairi na oili kama wenzake. Kwa hela peke yake 5L inashinda.

Lakini hiyo 3.8 usiitoe kesho. Injini ikishapata moto iache sailensa, yaani ingurume bila kukanyaga mafuta, fungua mfuniko wa oili pale juu, ugeuze uulaze juu ya tundu bila kuufunga. Ukitetemeka kidogo tu, ringi za pistoni bado zinashika, kwa hiyo anza na filta ya dizeli na ya hewa, nozeli zinazopuliza dizeli zikapimwe, na taiming ya pampu iangaliwe. Mfuniko ukirushwa na moshi ukawa unapumua kama treni, hapo ovaholi inaingia akilini, ila bado mwambie fundi apime kompresheni silinda zote nne kwa geji, wewe umesimama pale na kalamu unaandika namba. Fundi anayesema ameshasikia kwa sikio mnunulie soda muachane.

Na hujasema unabeba uzito gani. Hiyo ni gari ya kama tani moja, na mbao mbichi zina maji, mnapanga mpaka juu ya kichwa cha gari alafu mnasema haina nguvu. Tafuta pia daftari, uandike kila siku ambayo gari imelala gereji. Hela ya spea unaiona, mteja aliyekwenda kwa mwingine humuoni. Zikifika siku nne tano kila mwezi hata baada ya ovaholi, hapo rudi benki.

Taa ya T-BELT imewaka kwenye gari yangu ya injini ya 3L, fundi anasema achomoe balbu.

Badilisha mkanda wa taiming, alafu badilisha fundi. Taa ile inawaka kila kilometa 100,000 kukumbusha, na mkanda ukikatika valvu zinagonga pistoni.

Shikamoo. Nabeba samaki wa barafu kutoka Kilwa kwenda Dar, injini ni safi kabisa ila chesisi imeanza kutu. Nichomelee?

Marahaba. Hili ndo swali la kuuza au kubaki, wala sio la kilometa. Maji ya barafu ya samaki yana chumvi, yanachuruzika kwenye bodi la nyuma yanaingia ndani ya chesisi, na kutu inaanzia ndani, kwa hiyo ukiiona nje ujue imeshashiba. Lala chini na nyundo ndogo, gonga pale springi za nyuma zinaposhika chesisi, pande zote mbili. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya boksi na vumbi jekundu linakudondokea usoni. Kama ni kidoa sehemu moja, mchomeleaji anayejua chesisi anaweza kukata na kuweka chuma cha unene ule ule, sio kubandika bati juu na kupaka rangi nyeusi. Kama pamelika pale penye springi pande zote, toa injini uiuze, bodi kauze kama chuma. Na ukipata chesisi nyingine au ukiihamisha injini, kadi ya gari irekebishwe TRA, maana namba zisipolingana na kadi utaja kuonekana mwizi wa gari yako mwenyewe.

Gari ilikuwa inachemsha, fundi akatoa thamostati, sasa haichemshi ila inakunywa dizeli sana.

Mimi na mafundi wa kutoa thamostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, tuna ugomvi wa miaka. Injini inatakiwa ifike joto lake, isipofika dizeli haiungui vizuri, inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinalika huku mshale wa temperecha umelala chini na wewe unafurahi. Kwenye injini nyingi za Toyota ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka bila hata kupita kwenye rejeta, kwa hiyo siku ya mlima mrefu itachemsha vile vile. Irudishe, weka kulanti badala ya maji ya bomba, alafu mtafute kilichokuwa kinachemsha tangu mwanzo: rejeta imeziba, feni haivuti, au gasketi imekwenda.

Nauza gari yangu ya 3L ninunue Vigo ya dizeli, D4D ya 3.0. Niangalie nini?

Vikopa vya chini ya nozeli, zile washa za kopa. Vikivujisha, masizi yanaingia kwenye oili, yanaziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na injini inakufa kwa kiu wakati stiki inaonyesha oili imejaa. Kabla hujalipa, sampu ishushwe mulione hilo chujio kwa macho. Muuzaji akikataa, mshukuru uondoke. Na nozeli za kuokota kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, bila kupimwa usiguse.

Nataka kuuza yangu, dalali anasema tushushe mita mpaka 120,000 ipate bei. Ni sawa?

Ni wizi. Tena wa kijinga, mita itasoma 120,000 wakati mpira wa pedeli ya klachi umelika mpaka chuma kinang'aa, na mimi nikienda kukagua gari ya mtu huwa naanzia hapo.