Maji ya nyumbani: mmeuliza, tunajibu

Tuko wanne tu, lakini bili ya maji inapanda kila mwezi. Tatizo nini? (Sakina, Arusha)

Anza na mita, usianze na watoto. Usiku, simtenki likishajaa na wote wamelala, andika namba. Alfajiri, kabla mtu hajafungua koki, isome tena. Ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni chooni. Tia rangi ya keki kwenye tanki la choo, kaa nusu saa bila kuflashi. Rangi ikishuka kwenye sinki la choo, ule mpira wa kuzibia umechoka. Bei yake ni ndogo, na fundi anaubadilisha upesi. Panda pia uangalie boya la simtenki: likikwama, maji yanafurika usiku nanyi mmelala. Kumbuka uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Inauma kuzilipia zikiishia mtaroni.

Maji yetu yana floraidi. Nikichemsha inatosha? (Ngaramtoni)

Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi ni madini yaliyoyeyuka majini, inabaki palepale, tena maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Vyanzo vingi vya miteremko ya Meru vinavuka miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watoto wetu ndiyo ushahidi. Kinga mvua. Milimita 10 zikinyesha juu ya bati la mita za mraba 40, ni karibu lita 400. Mvua ya kwanza iache isafishe bati, kisha jaza pipa lenye mfuniko. Hayo yawe ya kunywa (yachemshe) na ya kupikia, kwa sababu uji na maharage vikipikwa kwa maji yenye floraidi navyo huibeba. Ya bomba yafulie na kudekia. Tafadhali, wenye watoto wadogo msingoje masika ipite.

Shawa au ndoo? (Njiro)

Ndoo. Shawa nyingi hutoa lita 10 hivi kwa dakika. Dakika mbili, ndoo imekwisha.

Maji ya kufulia yanafaa kwa migomba? (Pasua, Moshi)

Ya kusuuzia, ndiyo, mgomba unayapokea vizuri. Yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe flashia choo. Kila siku mwagia shina jingine, usiyalaze kwenye ndoo yakanuka, na usimwagie mchicha.