Furaha katika Bwana wakati wa msiba

Dada, pole sana kwa kufiwa na mume. Umeuliza kama ni unafiki kuimba "Furahini katika Bwana" ilhali moyo umejaa majonzi. Kwa maoni yangu, si unafiki. Paulo aliwaandikia Wafilipi maneno hayo akiwa kifungoni, na ni katika mji huohuo wa Filipi ambapo yeye na Sila, wakiwa wamepigwa kwa bakora na kufungwa miguu kwa mkatale, walimwimbia Mungu usiku wa manane. Wala hatusomi kwamba majeraha yao yaliacha kuuma. Zaburi ya 13 nayo huanza kwa malalamiko kabla ya kufikia sifa, hivyo usijilazimishe kuuruka mwanzo.

Nilipofiwa na mama, kwa miezi miwili sikuweza kusali hata Baba Yetu. Wanajumuiya walikuja kila Jumamosi alfajiri wakasali kwa niaba yangu, na mama mmoja alikuwa akibaki kunioshea vyombo bila kusema neno. Siku moja nilijikuta naitikia pambio huku nikilia. Furaha ile haikufanana na kicheko. Ulikuwa utulivu wa kujua kwamba sijaachwa. Waruhusu wenzako waje, hata kama nyumba haijafagiliwa.