Nyumba Yenye Nguzo Nne

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nyegezi, Mwanza, na ninasimamia klabu ya maigizo inayofanyia mazoezi katika bwalo la chakula, ambalo nguzo zake mbili za katikati huwaziba watazamaji kila tunapoonyesha tamthilia. Mwezi ujao ninakwenda Moscow kumtembelea mdogo wangu anayesoma huko, nami nitakuwa na alasiri moja tu ya kwangu. Nimesikia kwamba nyumba ya mwongozaji Stanislavski imefanywa makumbusho. Je, niende huko, au nitafute tiketi ya onyesho, ingawa Kirusi sikijui?

JIBU: Ndugu Mwalimu, nenda kwenye nyumba hiyo, na hasa kwa sababu ya nguzo zako mbili. Konstantin Stanislavski, aliyeanzisha jumba la maigizo liitwalo Jumba la Sanaa la Moscow mwaka 1898 pamoja na mwandishi wa tamthilia Nemirovich-Danchenko, alihamia katika nyumba hiyo, namba 6 ya kichochoro cha Leontyevsky, mwaka 1921, akaishi humo hadi alipofariki mwaka 1938. Makumbusho yalifunguliwa miaka kumi baadaye.

Vyumba vya kulala na maleba vitazame, lakini usikawie huko, kwa maana kilichokupeleka kimo katika ukumbi. Humo zimesimama nguzo nne nyeupe, nene, katika sehemu ambayo mtu mwingine angeilalamikia kwamba haifai kuigizia. Mwaka 1922 Stanislavski aliwafundisha waimbaji vijana opera, yaani tamthilia ya kuimbwa, ya mtunzi Tchaikovsky iitwayo Yevgeny Onegin papo hapo, na badala ya kuzificha nguzo alizipa kazi: katika tukio moja zikawa baraza ya nyumba ya shamba, katika jingine zikawa chumba cha kulala cha msichana anayeandika barua usiku, kisha zikawa ukumbi wa dansi wa matajiri. Nguzo ni zilezile; kilichobadilika ni mahali mwigizaji aliposimama. Nguzo hizo baadaye zikawa nembo ya jumba la opera lenye jina lake.

Jambo la pili la kukumbuka ukiwa ndani ni kwamba mwaka 1928, katika sherehe ya miaka 30 ya jumba lao, alishikwa na maradhi ya moyo akiwa jukwaani, akavumilia mpaka pazia likafungwa, na tangu siku hiyo hakuigiza tena. Wanafunzi na waigizaji wakawa wanamfuata nyumbani, na mazoezi yakafanyika humohumo. Mimi naona jambo hilo linagusa moyo kuliko picha zote zilizotundikwa ukutani.

Nenda na mdogo wako akusomee maelezo ya Kirusi, na muulizie mapema siku za kufunguliwa. Kabla ya safari, kama hujafika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, tenga nusu siku ukatazame zana za wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu, makundi mawili ya Wasukuma yanayoshindana kwa ngoma. Zitakuzoesha kuangalia kitu cha jukwaani ukijiuliza kilishikwaje na kilionekanaje kwa mtu aliyesimama nyuma kabisa.

Ukiingia katika ukumbi ule, omba ukae mahali walipokaa watazamaji, uhesabu hatua hadi nguzo ya kwanza, kisha uandike katika daftari ni sehemu gani ya mwili wa mwigizaji ingeonekana akiiegemea. Ukirudi Nyegezi, hesabu hatua hizohizo bwaloni kabla hujawaita wanafunzi.