Anaona mafumbo kwenye kila meseji: umsaidieje mdogo wako

Dada, umesema mdogo wako kwa wiki tatu halali vizuri, anaona meseji na namba za magari zinamsema yeye, na anadai dunia ni programu ya kompyuta.

Wazo hilo peke yake si ugonjwa. Mwanafalsafa Nick Bostrom alilijadili mwaka 2003. Kinachotisha ni uhakika kwamba yeye ndiye anayelengwa, tena bila usingizi.

Usibishane naye, kwani kila ushahidi wako atauingiza kwenye fumbo. Usimkubalie pia. Mwambie: "Mimi sioni hivyo, ila naona unaogopa." Kisha ongelea usingizi. Watu wengi hukubali kwenda hospitali kwa ajili ya usingizi kabla ya kukubali kuwa akili inayumba.

Mpeleke kwa daktari wa akili wiki hii, na uandike dalili zilianza lini, dawa anazotumia, bangi na pombe. Bangi aiache kabisa. Pombe ya kila siku asiikate ghafla bila daktari, huweza kuleta degedege.

Akitaja kufa, akisikia sauti zinazomwamuru, au akitaka kujiumiza ili "atoke" kwenye programu, ni hospitali leo hii. Asiachwe peke yake hata dakika moja.