Maswali ya Wasomaji: Blogu Yako, Hati Yenu

Barua za toleo hili nyingi zinatoka kwa watu wanaotaka kujaribu: huyu ana blogu ya kwanza, wale wanaandika pamoja wakiwa miji tofauti. Tumezifupisha na kuondoa majina.

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, sasa nafuga nyuki, nataka kuandika niliyojifunza. Kijana mmoja anataka laki tatu anitengenezee blogu. Nimlipe, au nijaribu mwenyewe? Na nishike ipi, Blogger au WordPress? (Tabora)

Shikamoo mwalimu. Usilipe kwanza. Ukiwa na akaunti ya Gmail, Blogger ni bure. Ingia blogger.com, unda blogu mpya, andika jina, kisha chagua anwani itakayoishia na blogspot.com. Kichwa kiumizwe na anwani. Jina unaweza kulibadili hata kila wiki, lakini anwani ukiibadili, viungo vyote ulivyokwisha kuwatumia watu vinakufa.

Kabla hujaandika neno, fungua Mipangilio ufanye mambo mawili: kwenye ruhusa, wasomaji wawe waandishi wa blogu peke yao, na uzime blogu isionekane kwenye mitambo ya kutafuta kama Google. Sasa una chumba chako cha mazoezi. Andika machapisho matano. Ukishindwa kufika la tano, umeokoa laki tatu. Ukifika, rudi palepale Mipangilio ufungulie watu.

WordPress ni vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. WordPress.com ni huduma: unajisajili na kuandika, kama Blogger, na mambo mengi mazuri yanalipiwa. WordPress ya wordpress.org ni programu ya bure unayoipakua na kuiweka kwenye seva unayoikodi, yaani kompyuta inayoiweka blogu mtandaoni. Mafundi wengi huuza hii ya pili, na ni nzuri, ila lazima mtu aihudumie: programu yenyewe, muundo wake na programu-jalizi zake (nyongeza za kuipa kazi zaidi) vyote vinataka kusasishwa. Blogu iliyoachwa miezi na programu-jalizi kuukuu ndiyo unayokuta siku moja imejaa matangazo ya kamari ambayo mwenyewe hakuyaweka.

Ukishafungua, ukataka jina lako la kikoa, yaani anwani yako mwenyewe isiyo na blogspot.com, nunua kwa wakala aliyesajiliwa: .co.tz au .me.tz kwa Tanzania, .co.ke au .me.ke kwa Kenya. Lisajiliwe kwa jina lako na baruapepe yako, si ya fundi. Wengi hugundua kwamba jina si lao siku fundi anapoacha kupokea simu.

Kuliunganisha na Blogger ni hivi. Kwenye Mipangilio andika www.jinalako.co.tz, uhifadhi. Itakataa. Usishtuke, ndivyo inavyokupa rekodi mbili za CNAME (mistari inayoelekeza jina moja kwenye jina jingine) za kuweka kule ulikonunua jina. Ya kwanza: www inaelekea ghs.google.com. Ya pili ni yako peke yako: kifungu kifupi cha herufi na tarakimu kinachoelekea anwani ndefu inayoishia googlehosted.com. Watu huweka ya kwanza tu, wakashangaa mbona inaendelea kukataa. Kosa lingine ni kuandika jina zima kwenye kisanduku kinachotaka www peke yake. Mifumo mingi ya mawakala huongeza jina yenyewe, ukaishia na www.jinalako.co.tz.jinalako.co.tz.

Ili anayeandika jinalako.co.tz bila www naye afike, ongeza rekodi nne za A, zinazoelekeza jina kwenye namba za seva: 216.239.32.21, 216.239.34.21, 216.239.36.21 na 216.239.38.21, halafu washa uelekezaji upya kwenye Mipangilio. Mwisho washa HTTPS, inayolinda mawasiliano kati ya msomaji na blogu. Inaweza kuchukua saa kadhaa kabla kufuli halijaonekana kwenye kivinjari, kwa hiyo usianze kufuta rekodi na kuziandika upya. Kila badiliko linarudisha kungoja mwanzo.

Tuko wanne tunaandika mapishi ya pwani kwenye Google Docs, watatu Tanga na mwenzetu mmoja Muscat. Juzi tumekuta kurasa tatu hazipo. Kila mtu anakana. Halafu juu ya hati tunaona vipicha vya wanyama tusiowajua. Tumedukuliwa? (Tanga)

Hapana, na kurasa zenu zipo. Mwenye haki ya kuhariri afungue hati kwenye kompyuta, aende Faili, kisha historia ya matoleo. Upande wa kulia itakuja orodha ya tarehe na saa, kila mwandishi na rangi yake. Anayefungua kama mtazamaji haonyeshwi orodha hiyo. Saa zinafuata mahali alipo anayetazama, na Muscat iko mbele ya Tanga kwa saa moja, basi msije mkagombana kwamba mmoja anadanganya.

Mkilipata toleo ambalo kurasa zilikuwepo, msikimbilie kulirejesha. Kurejesha kunarudisha hati nzima nyuma, pamoja na yote mazuri yaliyoandikwa baada ya hapo. Bonyezeni nukta tatu kando ya toleo hilo, mtengeneze nakala, kisha mnakili zile kurasa tatu tu na kuzibandika kwenye hati ya sasa.

Tuje kwa wanyama. Docs humpa kipicha cha mnyama mtu aliyeingia kwa kiungo bila kualikwa kwa jina. Maana yake hati yenu iko wazi kwa yeyote mwenye kiungo, tena kwa haki ya kuhariri, na kiungo chenyewe kimeshazunguka kwenye kundi la WhatsApp. Hapo hahitajiki mdukuzi. Mtu anafungua kwa simu, anabonyeza kwa muda mrefu, maandishi yanateuliwa, kidole kinagusa herufi moja, kurasa tatu zimekwenda. Docs haiulizi kama uhifadhi, imeshahifadhi.

Bonyezeni Shiriki, mfunge ufikiaji wa jumla ubaki kwa walioalikwa, kisha mwongeze kila mmoja kwa Gmail yake. Msijipe wote haki ileile. Kila sura iwe na mhariri mmoja, wengine wawe watoa maoni. Mtoa maoni akiandika, maneno yake hayaingii kwenye hati. Yanakaa kwa rangi kama pendekezo, mpaka mhariri akubali au akatae. Ukiona kazi ni ya polepole mno, ujue ndio wakati ambao zamani mngeutumia kutafuta nani kafuta.

Mabishano ya vipimo yafanyieni kwenye hati, si WhatsApp. Tuseme mstari unasema “vikombe viwili vya tui zito” na wa Muscat anatumia tui la kopo. Teua maneno hayo, weka maoni, andika @ na baruapepe yake, umkabidhi swali. Atapata baruapepe, atajibu papo hapo pembeni, na mkishaafikiana mnalifunga. Miezi sita baadaye mtu akiuliza kwa nini vikombe ni viwili, sababu itakuwepo.

Mambo mawili ya kuzuia balaa jingine. Kabla ya marekebisho makubwa, lipeni toleo jina, mfano “Kabla ya kupanga upya vitoweo”. Hati moja inapokea matoleo 40 yenye majina, kwa hiyo msiyape majina mabadiliko ya nukta na mkato. La pili, anayeandika bila mtandao aseme anashughulikia aya ipi. Wawili wakirekebisha sentensi ileile nje ya mtandao, Docs haitamchagua mmoja: itazichanganya sentensi zote mbili herufi kwa herufi, mpate maandishi ambayo hakuna aliyeyaandika.

Na gaweni hati. Kila pishi na hati yake, zote kwenye folda moja mliyoshirikishana. Hati ya kurasa themanini yenye picha huifanya simu ya bei ya chini igande.

Nikinakili kutoka Docs kwenda Blogger, herufi zinakuwa ndogo na kubwa ovyo, na baada ya muda baadhi ya picha hazionekani. (Kisumu)

Unapobandika kwa njia ya kawaida unahamisha na mavazi ya Docs. Fungua mwonekano wa HTML (msimbo wa ukurasa) kwenye Blogger utaona “Arial” na “11pt” vimejirudia kila aya, pamoja na rangi nyeusi. Rangi hiyo ndiyo inayofanya maandishi yapotee kabisa ukichagua muundo wa blogu wenye mandharinyuma meusi. Bandika kwa Ctrl+Shift+V, ambayo huleta maneno matupu, kisha weka upya vichwa na viungo kwa mkono. Dakika kumi za kazi, lakini ukibadili muundo wa blogu kesho kila kitu kitaufuata.

Picha zilizobandikwa hivyo hubaki zikielekeza kwenye anwani za Docs, wala hazijahamia kwenye blogu. Pakua hati kama ukurasa wa wavuti: utapata faili la zip, ndani yake folda ya picha zote. Zipakie Blogger moja moja.

Tena, ule mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili unatokana na hati kuwekwa lugha ya Kiingereza. Badili lugha ya hati, na uzime urekebishaji wa tahajia wa moja kwa moja. Anayetaka kukaguliwa Kiswahili kwenye kompyuta bila mtandao ajaribu LibreOffice, ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili.

Picha zinakula bando langu. Nifanyeje? (Malindi)

Picha ya simu yenye upana wa pikseli 4000 hufika MB 3 hadi 5. Kwa blogu, 1200 zinatosha. Ipunguze kwa squoosh.app ndani ya kivinjari, JPEG, ubora 75, na nyingi zitashuka chini ya KB 300. Ukishapakia Blogger chagua ukubwa wa kati au mkubwa, si wa asili.

Angalia na jambo ambalo hukuuliza. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Ukipiga picha nyumbani, zima kwanza mahali kwenye mipangilio ya kamera. Kuipitisha WhatsApp kama picha ya kawaida huondoa taarifa hizo, ukiituma kama hati hubaki nazo.

Shikamooni. Ni mwanafunzi wa chuo. Nimehamishia makala ya blogu yangu kwenye Wikipedia ya Kiswahili, wameifuta siku hiyohiyo. Wana choyo? (Dodoma)

Marahaba. Si choyo. Kila kinachowekwa Wikipedia kinatolewa kwa leseni ya CC BY-SA, yaani yeyote anaweza kukitumia na kukibadili akitaja chanzo na kukitoa kwa leseni ileile. Msimamizi aliyeona maneno yaleyale kwenye blogu hana njia ya kujua kwamba mwenyewe ni wewe, kwa hiyo anayachukulia kuwa wizi. Ama uandike upya, ama uweke kwenye blogu tamko kwamba makala hiyo iko chini ya leseni hiyo.

Hata hivyo huenda ingekwama kwa sababu nyingine: blogu yako haihesabiki kama chanzo. Tafuta kitabu, gazeti au ripoti inayosema hayo unayoyasema, uitaje kwenye sentensi husika. Anzia kwenye ukurasa wa mazoezi ulio chini ya jina lako la mtumiaji. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na ina wahariri wachache, hivyo ukimwandikia mmoja kwenye ukurasa wake wa majadiliano, kuna uwezekano mzuri ukajibiwa.

Blogu yenye habari za ukoo wetu ilifunguliwa na kaka yetu, ambaye amefariki. Hakuna mwenye nenosiri. Tutaipoteza? (Zanzibar)

Poleni sana. Google haitoi nenosiri la marehemu, hata kwa ndugu. Kuna fomu ya maombi kuhusu akaunti yake, na majibu huchukua muda. Msingoje. Akaunti isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa, pamoja na vilivyomo.

Kwa kuwa blogu iko wazi, okoeni leo. Mwisho wa anwani yake ongezeni /feeds/posts/default?max-results=100 na mtaona machapisho ya karibuni hadi mia, yakiwa na tarehe zake; kwa yanayofuata ongezeni &start-index=101. Hifadhini ukurasa huo kama faili. Ikiwa marehemu aliweka muhtasari tu, mtalazimika kufungua chapisho moja moja. Picha zipakueni peke yake, kwa maana faili hilo lina anwani zake tu. Kurasa muhimu zipelekeni pia web.archive.org kwenye kisanduku cha kuhifadhi ukurasa.

Kisha fungueni blogu mpya. Blogger inakubali chapisho liwekewe tarehe ya nyuma, kwa hiyo kila habari itakaa kwenye mwaka wake. Safari hii ongezeni wasimamizi wawili au watatu kwenye ruhusa, na hakikisheni kila mmoja amepandishwa cheo kuwa msimamizi, kwa sababu aliyealikwa huingia kama mwandishi tu, na mwandishi hawezi kumwongeza mtu wala kuihamisha blogu. Anayeshika akaunti kuu aingie pia kwenye mpangilio wa Google wa akaunti isiyotumika, achague muda wa kusubiri wa miezi 3, 6, 12 au 18, na aandike baruapepe za watakaopokea data muda huo ukipita. Inaruhusiwa hadi watu 10.