Duara kubwa maabara halithibitishi dawa

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nauza dawa za miti shamba Mbagala. Nilipeleka majani ya mwarobaini maabara, wakatoa dondoo kwa methanoli, aina ya alkoholi. Waliweka mikrolita 50 za dondoo la miligramu 100 kwa mililita kwenye sahani yenye bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Duara langu, yaani sehemu ambayo bakteria hawakuota, lilifika milimita 22; la jentamisini, dawa ya hospitali ya kuua bakteria, ya mikrogramu 10, lilifika milimita 20. Naweza kuandika kwenye chupa kwamba dawa yangu inaishinda jentamisini, na inatibu UTI sugu na fangasi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiandike. Jibu limo kwenye karatasi hiyohiyo uliyopewa, ila aliyekukabidhi hakukusomea.

Piga hesabu. Mikrolita 50 za dondoo lako zina miligramu 5, yaani mikrogramu 5,000. Jentamisini ilikuwa mikrogramu 10. Umeweka mzigo mara 500 ya mwenzako, ukampita milimita mbili! Huo si ushindi. Nasikia madai haya kila mara, na yananiuma zaidi yanapotoka kwa watu wenye vyeti.

Duara halipimi ukali peke yake. Linapima pia jinsi kemikali inavyosambaa ndani ya agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria kwenye sahani. Yenye asili ya mafuta husambaa kwa shida, ikaacha duara dogo hata kama ni kali. Inayoyeyuka vizuri majini huenda mbali hata kama ni dhaifu. Agari ikiwa nyembamba kuliko milimita 4 za kawaida, duara hupanuka. Bakteria wakipakwa wachache, hupanuka tena.

Unachotakiwa kudai maabara ni MIC, kiwango cha chini kabisa kinachozuia vimelea kukua, kinachopatikana kwa kuzimua dondoo hatua kwa hatua. Dondoo ghafi likizuia chini ya mikrogramu 100 kwa mililita, watafiti wengi hulitazama kwa makini. Likihitaji zaidi ya 1,000, ni dhaifu. Uliza pia kama kulikuwa na kishimo kwenye agari kilichotiwa methanoli tupu, maana methanoli yenyewe huua bakteria. Na wateja wako wanachemsha majani kwa maji, kwa hiyo wanakunywa kitu tofauti na kilichopimwa.

Kuhusu UTI: mara nyingi husababishwa na bakteria aitwaye E. coli, nawe umepimiwa Staphylococcus. Fangasi hamkupima kabisa, na jentamisini haiwagusi. Hao hulinganishwa na dawa kama flukonazoli. Tena seli ya fangasi inafanana na yetu kuliko ya bakteria, kwa hiyo kinachoiua kinaweza kutudhuru sisi pia. Kipimo cha sumu hakikwepeki.

Mwarobaini unastahili kuchunguzwa, na pale Muhimbili ipo Taasisi ya Tiba Asilia kwa kazi hiyo. Wanaonikera ni wale wanaozunguka Kariakoo na kwenye makundi ya WhatsApp na picha ya sahani moja, wakiahidi kumaliza "UTI sugu" kwa siku tatu. Mtu mwenye UTI inayojirudia anatakiwa mkojo wake uoteshwe hospitalini, ajulikane bakteria ni yupi na dawa ipi inamuua. Anayemchelewesha kwa chupa na picha anawapa bakteria muda wa kupanda hadi kwenye figo.